Usiloweshe Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutunza Nywele za Asili Baada ya Kufumua Rasta Zilizokaa Muda Mrefu

Mwanamke amekaa na rasta miezi mitatu. Jumamosi jioni anazifumua, anajikuna kwa raha ya kichwa kuwa huru, kisha anaingia bafuni moja kwa moja na kujimwagia maji. Anapotoka, nywele zimeshikana kama sufi iliyolowa, chanuo halipiti, na msusi aliyeitwa kusaidia anaomba mkasi. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi mno, na kilinipata mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka 22, nywele zangu za utosini zilipokatwa zikabaki urefu wa kidole gumba kwa sababu mimi na aliyenihudumia hatukujua namna nyingine ya kuzifundua.

Nywele nyingi haziharibikii ndani ya rasta. Huharibikia katika saa chache zilizo kati ya kufumua na kuosha, na kosa lenyewe karibu kila mara ni lile lile: maji kutangulia mahali ambapo vidole na mafuta vilipaswa kutangulia. Hatua zifuatazo zinamfaa mwenye nywele za kipilipili zisizotiwa dawa, aliyekaa na rasta, twende kilioni au msuko mwingine wenye nywele za bandia kwa wiki sita au zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa msuko hata mmoja

Kusanya vyote mahali pamoja, kwa maana ukianza kutafuta shampuu wakati nusu ya kichwa imeshafumuliwa, utaharakisha nusu iliyobaki.

- Mkasi mdogo wenye makali, usiotumika kukatia karatasi wala kitambaa.
- Kitana chenye mkia mrefu mwembamba, kwa ajili ya kufumulia. Meno yake hutayatumia.
- Chanuo lenye meno mapana, lisilo na mshono mkali katikati ya meno. Pitisha kidole; likikwaruza ngozi, litakwaruza na unywele.
- Mafuta ya nazi, nusu kikombe cha chai au zaidi. Mafuta ya mnyonyo ni mazito mno kwa kazi hii, ila yanaweza kuchanganywa kidogo na ya nazi.
- Kondishena ya kawaida inayoteleza vizuri, chupa nzima. Ununue ya bei nafuu ambayo hutaionea huruma, kwa sababu ukiibana hutafaulu.
- Shampuu, na chupa tupu yenye mdomo mwembamba ya kuichanganyia na maji.
- Kondishena nzito ya kustimu.
- Vibanio 8 hadi 10, kofia ya nailoni, fulana kuukuu ya pamba, na kilemba au kofia ya satini ya kulalia.
- Bakuli au gazeti jeupe la kuwekea nywele zitakazotoka. Utaona baadaye kwa nini.

Kisha tenga muda. Rasta nyembamba za kichwa kizima huchukua saa nne hadi sita kufumua ukiwa peke yako, na kuchambua nywele huchukua saa nyingine mbili. Ni bora kugawa kazi kwa siku mbili, ukafumua jioni moja na kuchambua na kuosha kesho yake, kuliko kumaliza yote usiku wa manane mkono ukiwa umechoka. Mkono uliochoka huvuta.

## Hatua ya 1: Kufumua

Anza na nywele za kisogoni, umalizie na za mbele. Za mbele ndizo dhaifu zaidi, na utakapozifikia vidole vitakuwa vimeshazoea kazi.

Kabla ya kukata rasta ili kupunguza kazi, tambua nywele zako zinaishia wapi. Shika msuko mmoja na uuminye kuanzia shinani kuelekea nchani: mahali unene unapopungua ghafla ndipo nywele zako zilipoishia. Kata angalau upana wa vidole vinne chini ya hapo. Wengi hukadiria kwa kukumbuka urefu wa nywele zao siku waliyosuka, wakisahau kwamba nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kwamba msusi aliyezinyoosha kwa drayi kabla ya kusuka alizirefusha kuliko zinavyoonekana zikiwa zimejikunja. Usikadirie kwa macho, na usimkabidhi mtoto mkasi.

Fumua kwa ncha ya mkia wa kitana, ukitoka chini kwenda juu. Ukifika karibu na shina, weka kitana chini utumie vidole. Hapo utakuta fundo la nywele za bandia ambalo siku ya kusuka lilikuwa limeshika ngozi ya kichwa, na sasa, baada ya miezi mitatu, linaning'inia sentimita 3 mbali na ngozi. Sehemu hiyo mpya iliyoota ndiyo iliyobeba uzito wote wa msuko, nayo imejizungusha kila ulipogeuka kitandani. Usivute rasta ikitoka kwa shida. Tia tone la mafuta kwenye fundo, lipanue kwa vidole viwili, na nywele za bandia zitateleza zenyewe.

Kila ukifumua misuko mitano au sita inayokaribiana, kusanya nywele zake, zisokote kwa ulegevu na uzibane. Usiziache zikining'inia huku ukiendelea na nyingine, kwa sababu zitashikana na jirani zake.

Ukimaliza vizuri, rasta zote zitakuwa zimetoka, kichwa kimegawanyika katika mafungu 8 hadi 10 yaliyobanwa, na hakuna chanuo lililopita popote. Kichwa kitaonekana kichafu na kimevurugika. Hivyo ndivyo kinavyopaswa kuonekana.

## Hatua ya 2: Kuchambua kabla ya maji

Ukikosea hatua nyingine zote ukaifanya hii sawasawa, nywele zako zitapona. Kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku kwa njia ya kawaida, kwa kuwa kila unywele una umri wake, na ukifika mwisho huachia na mwingine kuota mahali pake. Asiyesuka haoni jambo hilo, maana nywele hizo huondoka kidogo kidogo na chanuo. Aliyesuka hazimwondoki: zimeshang'oka kwenye ngozi lakini zimefungwa ndani ya msuko. Kwa siku 90 hesabu inafika nywele 4,500 hadi 9,000. Hizo zote, siku unapofumua, zimelala katikati ya nywele zilizo hai bila kushikiliwa na kitu.

Pamoja nazo kuna utando wa kijivu au mweupe uliozunguka shina la kila msuko. Utando huo ni mchanganyiko wa mafuta ya ngozi, jasho, vumbi, seli za ngozi zilizokufa na masalia ya jeli aliyopaka msusi. Si ugonjwa wala si uchafu wa kuonea aibu; humpata hata aliyeosha kichwa kila wiki akiwa na rasta.

Sasa fikiria maji yanapoingia hapo. Unywele wa kipilipili ukilowa hujikunja na kufupika, hivyo kila unywele hai unajiviringisha na maelfu ya nywele zilizong'oka, huku utando ukivimba na kunata katikati yake kama gundi. Ukisugua shampuu juu ya hali hiyo, unafanya kile kile anachofanya mtengeneza mazulia ya sufu anapoikanyagakanyaga sufu iliyolowa ili ishikane isiachane tena. Baada ya hapo hakuna chanuo litakaloweza kutenganisha.

Kwa hiyo fanya hivi, fungu moja baada ya jingine.

Fungua fungu la kwanza. Chovya vidole kwenye mafuta ya nazi na uyapake moja kwa moja kwenye utando ulio shinani, si kwenye ncha peke yake. Mafuta hulainisha mafuta, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta yaliyoganda. Kadhalika mafuta ya nazi, tofauti na mengi mengine, hupenya ndani ya unywele, na hivyo huupunguzia unywele kuvimba na kunywea utakapooshwa. Liache fungu hilo kwa dakika 10 hadi 15 huku ukipaka linalofuata.

Rudi kwenye fungu la kwanza na umenye utando kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, ukiuvuta kuelekea nchani, si kuelekea ngozini. Utatoka kama chembe za ulezi au nyuzi ndogo. Mahali palipogoma, ongeza mafuta na usubiri, usiongeze nguvu.

Kisha chambua kwa vidole peke yake, kama mtu anayechambua pamba. Gawa fungu katikati, gawa tena, uzitenge nywele kwa kuzipanua kushoto na kulia badala ya kuzivuta kwenda chini. Nywele zilizong'oka zitajitokeza zenyewe zikiwa ndefu na legelege. Zivute taratibu uzitie kwenye bakuli. Chanuo bado halijapata ruhusa hapa, kwa sababu unywele wa kipilipili ukichanuliwa mkavu hukatika kwa urahisi kwenye mapindo yake, na mafuta peke yake hayatoshi kuuzuia usikatike.

Ukikutana na fundo gumu lisilofunguka kwa mafuta, lipake kondishena bila maji, uliache dakika 20, kisha lichome katikati kwa mkia wa kitana na ulipanue polepole. Kondishena haina madhara ya maji matupu, kwa kuwa ina mafuta na viambato vinavyofanya nywele zitelezeane badala ya kukwaruzana. Fundo moja laweza kuchukua dakika kumi. Lipe dakika hizo.

Utajua fungu limekamilika pale vidole vitano vitakapopita kuanzia shinani hadi nchani bila kukwama, na utakapotazama ngozi usione pete ya kijivu. Hapo lisokote, libane, uhamie jingine. Fungu ambalo halijakamilika lisiingie bafuni.

### Kuzisoma nywele zilizo kwenye bakuli

Wengi huogopa sana wanapoona rundo, na wengine huamini rasta zimewanyonyoa. Chukua nywele kumi kutoka kwenye rundo na uziangalie kwenye mwanga. Unywele uliong'oka kwa muda wake una kinundu kidogo cheupe upande wa shinani na ni mrefu kama nywele zako nyingine. Unywele uliokatika hauna kinundu, na kwa kawaida ni mfupi.

Kama tisa kati ya kumi zina kinundu, tulia: huo ni upotevu wa miezi mitatu uliokusanyika siku moja. Kama zaidi ya nusu ni vipande vifupi visivyo na kinundu, ama mkono wako unavuta sana, ama nywele zilikuwa zimekauka ndani ya rasta, na utahitaji kuwa makini zaidi katika hatua ya kustimu.

Yuko mwanamke ambaye kipimo hiki hakimfai vizuri, naye ni mama aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita. Wakati huo nywele huachia kwa wingi kuliko kawaida kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, na vivyo hivyo huweza kutokea miezi miwili au mitatu baada ya homa kali au upasuaji mkubwa. Mama wa namna hiyo ataona rundo kubwa lenye vinundu, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe katika miezi inayofuata.

## Hatua ya 3: Kuosha

Osha ukiwa na mafungu yako, usiyafungue yote kwa pamoja. Changanya sehemu moja ya shampuu na sehemu tatu za maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kisha elekeza mdomo huo kwenye ngozi katikati ya mafungu. Sugua ngozi kwa nyama ya vidole, si kwa kucha; ngozi iliyofunikwa miezi mitatu huwasha na kucha huichubua bila wewe kujua. Nywele zenyewe huhitaji kuzisugua: povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha. Rudia mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza huondoa mafuta uliyopaka na ya pili ndiyo hufika kwenye ngozi.

Usioshe kwa sabuni ya kipande. Sabuni hiyo ina ukali wa kialkali unaofanya magamba ya unywele yainuke na kukwaruzana, na tatizo huwa kubwa zaidi kwa sisi tunaotumia maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na maji yanayotoka kwenye miamba ya matumbawe, kama ilivyo Unguja na Mombasa, yana chokaa nyingi. Sabuni ikikutana na chokaa hutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye nywele na kuzifanya ngumu kama makumbi. Ikiwa nyumbani kwako ni maji ya aina hiyo, osha kwa shampuu, kisha weka akiba ya lita 2 au 3 za maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Tofauti utaihisi mkononi siku hiyo hiyo.

Magadi yasitumike kabisa, hata kama umeambiwa yanakata uchafu. Yanakata na nywele. Limau lililokamuliwa moja kwa moja kwenye ngozi yenye michubuko nalo ni mateso yasiyo na faida. Anayetaka uchachu wa kulaza magamba ya unywele atumie kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita 1 ya maji, asuuze, basi.

Baada ya shampuu, jaza kondishena ya kawaida kwenye fungu moja lililolowa. Sasa ndipo chanuo linapopewa nafasi yake. Shika fungu katikati kwa mkono mmoja ili mvuto usifike ngozini, chana ncha kwanza, panda sentimita 3, chana tena, uendelee hivyo hadi shinani. Ukisikia sauti ya kukatika, simama na uongeze kondishena. Chanuo likipita mara moja bila kukwama, inatosha. Anayeendelea kuchana kwa kuwa linapita vizuri anajikatia nywele bure.

## Hatua ya 4: Kustimu

Nywele zilizokaa ndani ya nywele za bandia huwa kavu, kwa sababu plastiki ya rasta haipitishi mafuta ya ngozi hadi nchani, na maji ya kuoshea huwa hayafiki ndani ya msuko. Paka kondishena nzito kwenye kila fungu, vaa kofia ya nailoni, kisha zungushia taulo lililochovywa kwenye maji moto na kukamuliwa. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Kulala nayo usiku kucha hakuongezi chochote, na unywele uliolowa kwa muda mrefu mno hulegea.

Kabla hujaamua aina ya kondishena, chukua unywele mmoja uliolowa na uuvute taratibu kwa vidole viwili. Ukinyumbuka kidogo kisha ukarudi, uko salama. Ukikatika papo hapo bila kunyumbuka, unahitaji unyevu, na kondishena ya kulainisha ndiyo yake. Ukinyumbuka sana kama uzi wa mpira uliochoka na usirudi, unahitaji kondishena yenye protini, mara moja tu, kisha ya kulainisha juu yake.

Najua wengi watauliza kuhusu yai. Protini ya yai bichi ni kubwa mno, haiwezi kuingia ndani ya unywele. Hukaa juu tu na kuondoka na maji, na ukisuuza kwa maji moto utalipika kichwani na kushinda ukiokota vipande. Protini inayofanya kazi ni ile iliyovunjwavunjwa kiwandani kuwa vipande vidogo. Parachichi nalo nalipenda sana kulila, ila kichwani, lisiposagwa na kuchujwa hadi kuwa laini kabisa, huacha nyuzi zinazorudisha kazi yote ya hatua ya pili.

## Hatua ya 5: Kukausha na kutunza unyevu

Usisugue kwa taulo. Funika nywele kwa fulana ya pamba, ikunje nyuma, na uiache inyonye maji kwa dakika 15. Nywele zikiwa bado na unyevu, fuata mpangilio huu kwa kila fungu: kondishena ya kuacha kichwani kiasi cha nusu kijiko cha chai, kisha mafuta kidogo juu yake. Mafuta hayaleti unyevu. Unyevu ni maji, na kazi ya mafuta ni kuyazuia yasikimbie. Ndiyo maana anayepaka mafuta kila siku kwenye nywele kavu hulalamika kwamba nywele zinang'aa lakini zinakatika.

Suka mabutu 8 hadi 10 makubwa yasiyokazwa na uyaache yakauke yenyewe. Mabutu huzinyoosha nywele kiasi na kuzizuia zisijifunge mafundo. Drayi na pasi ya nywele zisubiri angalau wiki moja, kwa kuwa unywele uliotoka kwenye mvuto wa miezi mitatu hauna nguvu ya kustahimili joto.

Siku inayofuata, nywele zikiwa kavu, kagua ncha. Ncha iliyochanika kama ufagio, au yenye vifundo vidogo vya unywele mmoja mmoja, ikatwe nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa mkasi ule wenye makali. Usikate kabla ya kustimu, maana ncha nyingine zilizoonekana zimekufa hupata uhai na kujipanga zikipata unyevu.

## Wiki mbili hadi nne za mapumziko

Swali la "nisuke lini tena" hunijia kabla hata ya swali la namna ya kuosha. Jibu langu ni wiki mbili kwa uchache, na wiki nne kwa aliyekaa na rasta zaidi ya miezi miwili au aliyehisi maumivu pembezoni mwa paji la uso. Ngozi inahitaji muda wa kupona vipele na michubuko, na mashina yanahitaji siku zisizo na mvuto.

Ratiba ya wakati huo ni nyepesi. Pulizia maji yaliyochanganywa na kondishena kidogo kila baada ya siku mbili, paka mafuta nchani, lala na kilemba cha satini, na uoshe mara moja kwa wiki. Kilemba cha pamba, hata kiwe kizuri namna gani, hunyonya unyevu na kuzikwaruza nywele usiku. Mabutu ya uzi yasiyokazwa ni mapumziko mazuri. Twende kilioni iliyokazwa si mapumziko, hata kama haina rasta.

Usitie dawa ya kulainisha nywele katika kipindi hiki. Dawa hizo ni za kialkali kali, na zikikuta ngozi yenye michubuko huunguza. Kama umeazimia kuitia, subiri mapumziko yako yaishe na ngozi isiwe na kidonda hata kimoja.

Kwa mtoto, mapumziko yawe marefu zaidi na mkono uwe mwepesi zaidi. Mtoto akilia wakati wa kufumuliwa anaumia kweli. Mkemee aliyeshika kitana, si mtoto.

## Dalili zinazohitaji daktari

Zipo hali ambazo mafuta na kondishena havitatui, na kuchelewa kunagharimu nywele zenyewe.

Tazama panja na pembezoni mwa paji la uso. Ikiwa nywele zimepungua pande zote mbili, ngozi inang'aa, na mbele kabisa kumebaki mstari wa nywele chache nyembamba, huo ni upara unaoletwa na mvuto. Ukigunduliwa mapema na mvuto ukakoma, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina hugeuka kovu, na kovu halioti nywele.

Mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi, hasa kwa mtoto, yanaweza kuwa mapunye. Mapunye hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kwa sababu dawa ya kupaka haifiki ndani ya shina ambako fangasi wamejificha. Na mpaka apone, chanuo na kofia zake zisitumiwe na mwingine. Mba wa kawaida ni tofauti: hauli nywele, na hupungua kwa kuosha mara mbili tatu.

Usaha, maumivu yasiyoisha siku tatu baada ya kufumua, au tezi zilizovimba nyuma ya masikio pia havisubiri. Kliniki za ngozi zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi. Hospitali ya wilaya inaweza kukuelekeza huko.

## Utakaporudi kwa msusi

Osha, stimu na ukaushe nywele kabla ya kwenda. Mwombe atumie misuko minene ya wastani, asiweke nywele nyingi za bandia kwenye fungu dogo, na aziache huru zile nywele laini za mbele badala ya kuzilazimisha kuingia kwenye msuko. Kama ana ujuzi wa rasta zisizo na fundo, chagua hizo, kwa maana mvuto wake kwenye shina huwa mdogo zaidi. Mwambie mapema, kwa heshima, kwamba utamjulisha ukisikia maumivu, na ukisikia mjulishe. Wasusi wengi hulegeza mkono mara moja wakiombwa, lakini mteja hukaa kimya akiamini kwamba kukaza ndiko kudumu.

Andika tarehe uliyosuka kwenye simu, uhesabu wiki sita, au nane kwa kikomo. Na jioni ya siku hiyo hiyo ya kusuka, inua nyusi zako mbele ya kioo. Ikiwa ngozi ya paji inavutika, ikiwa kuna vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, au ikiwa huwezi kulala bila kumeza dawa ya maumivu, fumua misuko ya mbele usiku huo huo, hata kama umeilipia.